Kidonge au sindano? Kwa nini wengi walisubiri dawa ya Uviko-19 na kuikwepa chanjo

Chanjo ya Uviko-19 ilipoanza kutolewa mikoani Agosti 2021, swali la watu wengi Mwanza halikuwa inafanyaje kazi. Lilikuwa kama hakuna kidonge. Mtu akiumwa ameze, apone, mambo yaishe.

Mabatini, kata ya wilaya ya Nyamagana ambayo nyumba zake zimepanda mlima katikati ya mawe, swali hilo lina mantiki yake. Duka la dawa muhimu liko hatua chache, unaingia unaeleza unavyojisikia, unatoka na dawa. Hakuna fomu, hakuna anayekuandika jina.

Miezi michache baadaye vidonge vikapatikana kweli duniani. Ila havikuwa vile ambavyo watu walikuwa wakivifikiria.

Kidonge chenyewe ni kipi?

Novemba 4, 2021 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza kuidhinisha molnupiravir, dawa ya kumeza ya kampuni ya Merck. Desemba 22 mwaka huohuo Marekani ikaruhusu Paxlovid ya Pfizer.

Paxlovid ni dawa mbili kwenye pakiti moja. Nirmatrelvir huzuia virusi visizaliane mwilini, na ritonavir huchelewesha ini lisiimalize ile ya kwanza mapema. Ritonavir si mgeni huku kwetu. Imetumika miaka mingi kwenye dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Mgonjwa humeza vidonge vitatu asubuhi na vitatu jioni kwa siku 5, jumla 30.

Inafanya kazi? Ndiyo. Katika utafiti wa Pfizer kwa watu ambao hawakuchanjwa na walikuwa kwenye hatari kubwa, walioianza ndani ya siku 3 za dalili walipunguziwa uwezekano wa kulazwa au kufa kwa karibu asilimia 89. Molnupiravir ilianza kutangazwa kwa asilimia 50 hivi, matokeo kamili yalipotoka ikashuka hadi 30.

Shida iko kwenye masharti. Dawa hizi zinatakiwa zianzwe ndani ya siku 5 tangu dalili zitokee, na mgonjwa awe amepimwa ijulikane kweli ni Uviko. Sasa hesabu siku za mtu wa mtaani. Siku ya kwanza na ya pili ni tangawizi na limao. Ya tatu anaenda duka la dawa, anapewa azithromycin, ambayo wengi wanaiita Azuma, anaimeza siku tatu. Anapofika hospitali kifua kimebana, muda wa kidonge umeshapita.

Tena azithromycin inaua bakteria. Uviko ni virusi.

Kuna mengine. Ritonavir inagombana na dawa nyingi, ikiwemo rifampicin ya kifua kikuu. Molnupiravir haishauriwi kwa mjamzito. Na bei: serikali ya Marekani ilinunua Paxlovid kwa takriban dola 530 kwa mgonjwa mmoja. Novemba 2021 Pfizer iliruhusu viwanda vingine kutengeneza toleo la bei nafuu kwa ajili ya nchi 95, lakini kibali cha kutengeneza hakigeuki kuwa dawa kwenye rafu kesho yake.

Miezi sita ya kugeuka

Kuelewa kwa nini chanjo ilikimbiwa, rudi nyuma kidogo.

Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020. Mei 2020 takwimu zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Mwezi huohuo, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Profesa Palamagamba Kabudi, alikwenda Madagascar kuchukua dawa ya mitishamba ya kunywa. Mitaani nyungu zikachemka. Watu walijifukiza majumbani, na hata Hospitali ya Taifa Muhimbili iliweka huduma ya kujifukiza.

Januari 27, 2021, akiwa Chato, ng'ambo ya ziwa kutoka Mwanza, Rais John Magufuli alisema chanjo hazifai. Hoja yake ilikuwa kwamba kama wazungu wangekuwa na uwezo huo, wangeshaleta chanjo ya Ukimwi, ya kifua kikuu, ya malaria na ya saratani. (Kifua kikuu kina chanjo, BCG, ndiyo iliyoacha lile kovu begani kwa Watanzania wengi. Na chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa inatolewa kwa wasichana nchi nzima tangu 2018.)

Februari 1, Waziri wa Afya, Dk Dorothy Gwajima, akasema nchi haina mpango wa kupokea chanjo ya Uviko, na mbele ya wanahabari ukaonyeshwa mchanganyiko wa tangawizi, vitunguu, limao na pilipili.

Machi 17 Magufuli akafariki. Julai 24 dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson zikatua Dar es Salaam kutoka Marekani kupitia mpango wa COVAX. Julai 28 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani. Waziri wa Afya alikuwa yuleyule.

Kutoka Februari 1 hadi Julai 28 ni chini ya miezi sita. Mama ntilie aliyeambiwa na wizara kwamba hatuhitaji chanjo, sasa anaambiwa na wizara hiyohiyo akachanje. Askofu Josephat Gwajima, wakati huo mbunge wa Kawe, naye alikuwa anaipinga kanisani kwake, na Agosti Bunge likamsimamisha. Kwenye simu zikazunguka klipu za ugumba na za watu kugeuka mazezeta. Ukimuona aliyesita ni mjinga, jaribu kwanza kupanga hizo tarehe.

Siku mbili baada ya Rais kuchanjwa, Julai 30, akafariki Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo. Mwaka 2011 maelfu walisafiri hadi Samunge kunywa kikombe chake cha shilingi 500. Hakuna aliyelazimishwa kwenda. Mtu anaumwa, anasikia kuna dawa, anapanda gari.

Tatizo si sindano

Ni rahisi kusema Watanzania wanaogopa sindano. Sio kweli. Mgonjwa wa homa kali ukimpa vidonge tu anaweza kununa, anataka achomwe ndio aamini ametibiwa. Akina mama wanapeleka watoto kliniki kuchomwa bila mtu kuwasukuma, na mjamzito anachomwa ya pepopunda.

Na kidonge nacho kimewahi kukataliwa, tena kwa vurugu. Mwaka 2008 mkoani Morogoro wanafunzi walipewa shuleni praziquantel, dawa ya kichocho. Ni dawa ya zamani na inayofahamika. Kanda ya ziwa, ambako watu wanaishi na maji yenye ugonjwa huo, watoto huigawiwa shuleni. Lakini Morogoro uvumi ulienea kwamba watoto wanakufa, wazazi wakavamia shule na ugawaji ukavurugika.

Kilikuwa kidonge. Kilichofanana na chanjo ya 2021 ni kwamba kilipelekwa kwa mtu ambaye hajioni mgonjwa, na hakukiomba. Anayeumwa anakwenda mwenyewe, na akipona anaona. Mzima anaombwa aamini kwanza, na chanjo ikifanya kazi haoni kitu: hakuumwa, basi. Ndiyo maana kwa mzima kinachopimwa ni nani amekuja, na mwaka jana alisema nini.

Mwanza yenyewe ina mfano wa upande wa pili. Kuanzia 2017 wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 jijini humo walishiriki utafiti wa DoRIS, uliofanywa na kituo cha utafiti cha MITU kilichopo NIMR Mwanza pamoja na chuo cha afya cha LSHTM cha London, kuona kama dozi moja ya chanjo ya HPV inatosha. Wazazi waliombwa ridhaa, na wasichana wakafuatiliwa kwa miaka. Mwaka 2024 Tanzania ilihamia dozi moja.

Kilichobadilika 2022

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, Januari 2022 waliokamilisha chanjo ya Uviko nchini walikuwa kama asilimia 3. Aprili 2023 walikuwa karibu nusu ya watu wote. Virusi havikuwa vimeongezeka ukali, na kidonge hakikuwa kimefika mitaani. Wachanjaji waliacha kukaa vituoni wakisubiri watu, wakaenda nyumba kwa nyumba, sokoni na kwenye nyumba za ibada, wakiwa na wenyeji wanaojulikana, na chanjo ya Johnson & Johnson ilihitaji kuchomwa mara moja tu.

Kwa upande wa vidonge, masharti ni yaleyale. Mwenye kisukari, presha au umri mkubwa akipata homa na kikohozi wakati Uviko unazunguka, siku 5 zinaanza kuhesabiwa dalili ya kwanza inapotokea, siyo siku aliyomaliza Azuma.