Kijiji Kilichokwepwa na Reli

Muhula uliopita mwalimu wetu alitupa kazi ya kuandika habari za "kijiji chetu". Wenzangu waliandika juu ya vijiji vya karibu na Moshi, Lamu na Bukavu. Mimi nilikwama. Mama ametoka Muheza, lakini mimi nimezaliwa Kansas, na Muheza nimefika mara mbili tu. Basi nikachagua kijiji cha jimbo langu, Nicodemus.

Kipo Graham County, kaskazini-magharibi mwa Kansas, kando ya barabara kuu namba 24, karibu na tawi la kusini la Mto Solomon. Ni nchi ya nyasi, ngano na upepo, na miti michache inayofuata maji. Kisheria si mji. Hakina meya wala baraza lake. Mambo mengi yako mikononi mwa kaunti. Nilipomweleza babu kwa simu, aliuliza, "Hata mwenyekiti wa kijiji hawana? Sasa nani anaitisha mkutano?"

Kilianzishwa mwaka 1877, miaka 12 tu baada ya utumwa kukomeshwa Marekani. Mchungaji Mweusi, W. H. Smith, alishirikiana na mzungu aliyeuza viwanja, W. R. Hill. Matangazo yalipelekwa Kentucky kuwaita watu waliokuwa watumwa waje wapate ardhi yao wenyewe. Septemba mwaka huo walifika watu wapatao 300. Treni iliwashusha Ellis. Safari iliyobaki waliimaliza kwa miguu.

Hawakukuta mji. Mbao zilikuwa adimu, kwa hiyo walichimba nyumba ardhini na kuziezeka kwa matawi na udongo. Willianna Hickman, aliyefika mwaka uliofuata, alisimulia baadaye kwamba mumewe alipomwonyesha Nicodemus, yeye aliona moshi tu ukitoka ardhini. Akalia. Wengine waligeuza wakarudi Kentucky, na mimi siwalaumu. Waliobaki walipata chakula kutoka kwa Waosage, wenyeji wa asili, waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni.

Miaka kumi baadaye palikuwa na maduka, hoteli, shule, makanisa na hata magazeti mawili. Mkazi mmoja, Edward McCabe, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima. Hakuna Mweusi aliyewahi kushinda cheo cha jimbo zima Kansas kabla yake.

Kilichobaki ni reli. Mwaka 1887 wakazi walipiga kura kutoa hati za mkopo za dola 16,000 ili kampuni ya Missouri Pacific ipitishe njia kwao. Haikuja. Mwaka uliofuata Union Pacific ikajenga yake ng'ambo ya mto, upande wa kusini, na kituo kikawa Bogue, maili chache tu kutoka hapo. Wafanyabiashara wakahamisha maduka yao kuifuata. Watu husema reli "ilipita pembeni", kana kwamba reli ni mvua inayojinyeshea inapotaka. Reli huchorwa na watu walioketi mezani.

Baadaye ukaja ukame na vumbi la miaka ya 1930. Posta ilifungwa 1953. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 14. Hata hivyo, tangu 1996 Nicodemus ni eneo la kihistoria la taifa, na majengo matano ya zamani yanatunzwa, likiwemo jumba la mikutano la mawe ya chokaa.

Tena kila mwisho wa Julai wajukuu na vitukuu hurudi kutoka majimbo mbalimbali kusherehekea kukombolewa kwa wazee wao. Nilikwenda mwaka jana. Bibi mmoja aliyekuwa akipakua chakula aliniuliza mimi ni wa ukoo gani. Nikamwambia sina ukoo pale, kwetu ni Muheza, Tanzania. Akaniuliza ni mara ngapi huwa narudi. Nikasema mara mbili, maisha yangu yote. Alinitazama kidogo, kisha akanijazia sahani.