Mawasiliano ya mfuatano

Mawasiliano ya mfuatano ni upitishaji wa data biti moja baada ya nyingine, kama kati ya kidhibiti kidogo, mfano Arduino, na moduli ya simu SIM800L. Jozi hiyo ingefaa kutuma vipimo vya kina cha maji Kalemie, unakoanzia Mto Lukuga, njia pekee ya kutokea maji ya Ziwa Tanganyika. Moduli ikikaa kimya, hukaguliwa nyaya kwanza: pini ya kutuma (TX) huingia pini ya kupokea (RX) ya upande wa pili, na pini za ardhi (GND) huunganishwa. Herufi za ovyoovyo huashiria kasi zisizolingana, mfano biti 9600 na 115200 kwa sekunde. Moduli inayojizima ikitafuta mtandao mara nyingi haina kosa la programu: huvuta hadi ampea 2 kwa mkupuo, na pini ya Arduino haiwezi kutoa umeme huo.