Chuku (Kasongo na Kabambare)

Chuku ni pembe ya kuumikia, chombo cha kale cha tiba ya kienyeji mashariki ya Kongo. Kusini mwa Maniema, ambako Uislamu uliingia na misafara ya Waswahili na Kasongo ikawa makao ya mfanyabiashara Tippu Tip, chuku inakaribiana na hijama, uumikaji wa mapokeo ya Kiislamu.

Pembe ya ng'ombe au mbuzi hutobolewa nchani. Mwumishi huchanja ngozi kwa wembe, hubandika pembe, hufyonza hewa kwa mdomo, kisha huziba tundu kwa nta aliyoiweka ulimini. Ustadi wote umo katika pumzi na nta hiyo.

Pembe yenyewe haina hataza wala haistahili: sheria ya Kongo Na. 82-001 ya 7 Januari 1982 hudai uvumbuzi uwe mpya. Hataza huenda kwa maboresho, hasa vikombe vya plastiki vyenye vali na pampu, ambavyo katika uainishaji wa kimataifa wa hataza vimo katika kundi A61M 1/08. China ndiyo inayotawala maombi hayo. Mkataba wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani (WIPO) uliopitishwa 24 Mei 2024 unataka mwombaji hataza ataje chanzo cha maarifa ya jadi, lakini yale tu yanayofungamana na rasilimali za kijenetiki, kama mitishamba; chuku haimo.