Amri na Mwenendo wa Askari: Kutoka Nandi hadi Chuka

Katika vita dhidi ya watu wanaoupinga utawala, mpiganaji hana sare wala kambi ya kudumu. Huishi miongoni mwa jamaa zake, hula chakula chao na hujificha katika vichaka vyao. Kwa hiyo mwenendo wa askari anayemwinda hutegemea amri ya kiongozi, na hutegemea zaidi jinsi kiongozi huyo anavyowajibishwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa matukio mawili ya historia ya Kenya, kwamba amri njema hudhoofika pale ambapo mvunjaji wake huhojiwa juu ya sehemu ndogo tu ya kitendo chake.

Kondele ni mtaa wa Kisumu ulioko kwenye njia ya Kakamega. Mashariki yake inapita reli ya Kibos, Kibigori na Muhoroni, katika tambarare ya Kano, chini ya magenge ya Nandi. Reli hiyo ilifika Ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence. Wanandi, ambao walikuwa wamepambana na Waingereza tangu 1895, walichukua nyaya za simu na vyuma vya reli, wakavigeuza mapambo na silaha. Machoni mwa serikali hiyo ilikuwa hujuma. Machoni mwa wenyeji, wageni walikuwa wamepasua nchi bila ya idhini.

Serikali ilijibu kwa kile ilichokiita misafara ya kuadhibu. Jina hilo linastahili kupimwa. Anayeadhibiwa huwa amekwisha kuhukumiwa. Basi askari aliyetumwa kuadhibu hana haja ya kumtenga mpiganaji na mchungaji, wala mwenye mkuki na mwenye boma. Ushindi wenyewe ulihesabiwa kwa ng'ombe waliotekwa na nyumba zilizochomwa, na wapiganaji wa Kimasai walioandamana na jeshi walitazamia fungu la mifugo hiyo. Pale ambapo nyara ni kipimo cha kazi, nidhamu haina pa kusimama.

Msafara mkubwa kuliko yote ulitayarishwa mwaka 1905. Kabla haujaanza, tarehe 19 Oktoba, Kapteni Richard Meinertzhagen wa Keya ya 3 alikutana na Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, katika mkutano uliotajwa kuwa wa amani. Koitalel aliuawa hapo kwa risasi, pamoja na wafuasi wake kadhaa. Meinertzhagen alidai kwamba alikuwa akijihami. Masimulizi ya Wanandi yanashikilia kwamba kiongozi wao aliitwa kwa amani akauawa kwa hila. Msafara uliofuata uliua mamia ya watu, ukateka maelfu ya mifugo, na sehemu ya Wanandi wakahamishwa kutoka ardhi iliyo karibu na reli.

Mabaraza matatu ya uchunguzi yalimsafisha Meinertzhagen, ingawa mwaka 1906 aliondolewa Afrika. Lakini swali kuu lilibaki pembeni. Nani alifyatua kwanza ni swali la dakika moja. Nani aliruhusu wito wa amani utumiwe kuwa mtego ni swali la uongozi mzima.

Karibu miaka 50 baadaye, swali hilo lilirudi katika vita vya Mau Mau. Vita hivyo viliugusa mwambao huu kwa njia ya mahabusu waliofungiwa katika visiwa vya Mageta na Saiyusi. Juni 1953 askari wa Keya ya 5 waliwaua raia wapatao 20 huko Chuka, upande wa mashariki wa Mlima Kenya; miongoni mwao walikuwamo walinzi waliokuwa upande wa serikali. Siku chache baadaye Jenerali George Erskine, ambaye ndiyo kwanza ameshika uongozi, aliwaandikia maofisa wote kwamba hatavumilia raia kutendewa maovu. Amri hiyo ilikuwa wazi, na Erskine hakuitoa kwa mzaha.

Hata hivyo, Kapteni Gerald Griffiths, mkuu wa kikosi kilichohusika, hakushtakiwa kwa mauaji ya Chuka. Alishtakiwa kwa tukio jingine, akaachiliwa shtaka la mauaji Novemba 1953, kisha mwaka 1954 akafungwa miaka 5 kwa ukatili dhidi ya mateka. Jeshi lilimwadhibu mtu mmoja, nao wafu wa Chuka wakakosa mshtakiwa.

Kutoka Nandi hadi Chuka kuna hatua, wala haifai kuipuuza: mwaka 1905 unyama ulikuwa sehemu ya mpango, mwaka 1953 ulikatazwa kwa maandishi. Lakini katazo lilimfikia askari likiwa limepungukiwa na hukumu. Hata baada ya uhuru, pasipo vita wala uasi, Tume ya Waki ya 2008 ilieleza jinsi risasi za polisi zilivyoua watu Kisumu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Askari husoma amri kwa macho, lakini huiamini kwa kutazama yaliyompata aliyeivunja kabla yake.