Halojeni: Familia ya Kemia Iko Kwa Chumvi, Kwa Jik na Kwa Meno Yako

Kama kemia ulikuwa unaipitia tu ukingoja kengele ya lanchi, tulia hapa dakika mbili. Hata mimi chuo iliniacha njiani, lakini hii stori ilibaki.

Halojeni ni kundi la 17 kwa jedwali la elementi, ile safu ya pili kutoka mwisho upande wa kulia. Wako sita: florini, klorini, bromini, iodini, astatini na tenesini. Hao wawili wa mwisho huwezi kutana nao mtaani, tuwaache.

Shida yao ni moja. Kila mmoja ana elektroni 7 kwa ganda la nje na anataka 8. Amebakisha moja tu, so ananyang'anya yeyote aliye karibu. Florini, wa juu kabisa, ndiye ana njaa mbaya. Ukishuka chini, njaa inapoa.

Akishaipata, anatulia. Klorini peke yake ni sumu. Jeshi la Ujerumani liliifungulia maadui huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Ikishikana na sodiamu inakuwa chumvi ya chipo zako. Hata jina halojeni ni Kigiriki, maana yake watengeneza chumvi. Na kwa hiyo chumvi huwa wameongeza iodini, ndio shingo isivimbe goita.

Sasa rada ya keja. Ndani ya Jik kuna klorini imefungwa. Ukiichanganya na dawa ya choo yenye asidi, inafunguka na kutoka kama gesi, ile ile ya Ypres. Na choo ya ploti haina dirisha! Macho yanawasha, kifua kinabana. Toka nje mbio, acha mlango wazi, na kama kifua haikuachilii enda hosi. Tumia moja, suuza vizuri. Kuzichanganya hakuongezi usafi wowote.

Halafu florini. Wasee wa Naks na Naivasha mmewacheka sana juu ya meno ya kahawia. Manze, hiyo si uchafu. Maji ya visima vingi Bonde la Ufa hupita kwa mawe ya volkano na kubeba floridi. Kidogo inasaidia meno, ndio maana iko kwa dawa ya mswaki. Lakini WHO imeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na kuna visima huko vimepita hapo mbali. Mtoto akiyanywa meno yakiwa bado yanajiunda ndani ya ufizi, yanamea na madoa tayari, na hakuna mswaki utayatoa. Wewe mtu mzima ukihamia huko leo hupati hayo madoa, meno yako yalishamaliza kujiunda. Ikizidi kwa miaka mingi, hata mifupa inaumia.

Na usidanganywe uchemshe. Maji yanapungua, floridi inabaki pale pale, so unapata kali zaidi. Kinachosaidia ni kichujio cha mkaa wa mifupa, ama maji ya mvua. Kama una mtoi na mnachota kisima pande hizo, uliza mwenye kisima maji yalipimwa floridi lini.