Picha, gemu na riwaya pendwa katika Bukoba na Muleba

Picha, gemu na riwaya pendwa ni burudani za muda wa mapumziko zinazomweka mtu mbele ya shujaa wa kubuni: katika kioo cha televisheni, katika mchezo wa kompyuta au katika kitabu cha bei nafuu. Katika Manispaa ya Bukoba na Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania, burudani hizi kwa sehemu kubwa ni za watu wengi pamoja. Hufanyika kwenye kibanda umiza, kwenye chumba cha gemu, barazani na bwenini. Shujaa mwenyewe aghalabu hutoka mbali, Marekani, Hong Kong au India, lakini anayemfikisha kwa watazamaji ni msimuliaji, na katika nchi hii ya Wahaya kazi hiyo ina ukoo mrefu kuliko televisheni.

Bukoba iko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, kiasi cha kilomita 80 kutoka mpaka wa Uganda wa Mutukula. Muleba iko kusini kwake, takriban kilomita 70 kwa barabara, na eneo lake linaingia ziwani hadi visiwa vya Bumbile, Ikuza na Goziba. Jiografia hiyo ina uzito katika mada hii. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa Kagera imenunuliwa Uganda kupitia njia ya Masaka na Kyaka, kwa hiyo televisheni ya Bukoba imekuwa ikiwashwa kwa maji ya Mto Nile huku ile ya Dar es Salaam ikitegemea mabwawa na gesi ya nchini. Kanda na diski nazo zimekuja kwa njia mbili: kwa meli na mabasi kutoka Mwanza, na kwa barabara kutoka Kampala.

Kibanda

Kibanda umiza ni chumba cha kuonyeshea picha na mpira kwa kiingilio kidogo. Jina linajieleza: mabenchi ni membamba, joto ni la kutosha, na mtu wa nyuma huangalia kupitia masikio ya mtu wa mbele. Vibanda vilienea Tanzania Bara baada ya deki za video kuingia katika miaka ya 1980, wakati Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni. Vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Mlangoni huwekwa ubao wenye majina ya picha za siku hiyo yaliyoandikwa kwa chaki, na tahajia yake ni elimu nyingine. Arnold Schwarzenegger ameandikwa kwa namna nyingi kuliko mfalme yeyote wa Ulaya.

Lugha ya kibandani ina istilahi zake. Mhusika mkuu ni steringi. Mpinzani wake ni adui, hata akiwa na sababu nzuri. Sheria isiyoandikwa ni kwamba steringi hafi, na picha inayokiuka sheria hiyo huzua ubishi unaoendelea hadi njiani. Hadithi inayoendelea kwa vipande ni sizoni. Tangu zamani picha zinazopendwa ni za mapigano: Bruce Lee, Rambo, Commando ya mwaka 1985, halafu Jackie Chan na Van Damme. Kwa Kagera kuna moja ya kuongezwa, nayo ni Rise and Fall of Idi Amin ya mwaka 1981, iliyoongozwa na Sharad Patel na kuigizwa na Mkenya Joseph Olita. Mtazamaji wa Mbeya anaweza kuiona kama picha ya kutisha tu. Lakini Bukoba ilishambuliwa na ndege za Amin, mtawala wa Uganda, mwezi Oktoba 1978, na wazee walioziona zikipita hawahitaji msimuliaji wa kuwaeleza mtu huyo ni nani.

Ratiba ya kibanda hufuata mvua, kahawa na mwezi. Bukoba hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi mno kwa kulinganisha na sehemu kubwa ya Tanzania, na mchana wa mvua humkimbiza kijana ndani. Msimu wa kahawa, kuanzia katikati ya mwaka, huleta fedha mifukoni. Kuhusu mwezi, mahali pa kuuelewa ni mwaloni, mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, hasa visiwani. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na taa hazina nguvu wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika. Mamia ya vijana wenye fedha ya juzi hukaa kisiwani bila kazi, mbali na familia, na jenereta ya mwenye video huunguruma mchana na usiku. Anayetaka kujua picha ipi inapendwa kwelikweli katika Ziwa Viktoria aende kisiwani wakati wa mbalamwezi, asiulize mjini.

Kinachotafunwa kibandani nacho ni cha huko huko. Bisi zipo, lakini senene wa kukaanga wakiwa katika msimu wao, hasa Novemba na Aprili, bisi hazina mteja. Wengine huweka mfukoni akamwani, buni zilizochemshwa kwa majani yenye harufu nzuri na kukaushwa, na kuzitafuna moja moja hadi picha iishe.

Wasimuliaji

Picha ya Kiingereza au ya Kichina huwafikia watazamaji kupitia mtu anayezungumza juu yake. Uganda kazi hii ilishika kasi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wenyewe huitwa ma-VJ. VJ Jingo ni miongoni mwa wanaojulikana sana. Kenya aliyevuma ni DJ Afro. Tanzania jina kubwa ni la Derek Gaspar Mukandala, aliyefahamika zaidi kama Lufufu, ambaye kanda zake za Kiswahili zilisambaa nchi nzima.

Msimuliaji hatafsiri tu. Anasimamisha maelezo ya picha ili afafanue desturi, anawabatiza wahusika majina ya mtaani, anamwonya steringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango, anamcheka anayekimbia, na pale ambapo waigizaji wameamua kunyamaza kwa dakika mbili yeye hanyamazi hata sekunde. Wasomi wa filamu huona hayo kuwa uharibifu. Tathmini hiyo haina haki. Picha nyingi za mapigano za miaka ya 1980 ziliandikwa kwa uvivu, na msimuliaji mzuri aliziongezea akili ambayo haikuwamo.

Nafasi ya Bukoba katika biashara hii ni ya pekee kidogo kwa sababu ya lugha. Watu wengi wa Kiziba na Missenyi, upande wa mpakani, wanasikia Luganda, lugha iliyo jirani sana na Kihaya, hivyo kanda ya VJ wa Kampala huvuka Mutukula na kueleweka bila shida. Mtazamaji huweza kuwa na picha moja katika sauti mbili, ya Luganda na ya Kiswahili, akachagua ile yenye mzaha mkali. Siku hizi kanda na diski zimeisha; kinachouzwa ni mafaili, na kijana hupeleka flashi au memori kadi dukani ijazwe picha. Televisheni nayo iligeukia njia hiyohiyo kwa mtindo wa ofisini: TBC ilirusha mwaka 2011 tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake kwa sauti za Kiswahili, na Azam TV, iliyoanza mwaka 2013, ikajaza jioni za watu kwa tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti. Sauti hizo ni safi na kila mwigizaji ana yake. Mzaha, hata hivyo, ulibaki kibandani.

Mashujaa wa zamani na wa sasa

Kabla ya deki, shujaa wa Mhaya alikuja kwa enanga, zeze la ubao lenye nyuzi linalochezwa likiwa limelazwa. Mwimbaji wake aliimba katika nyumba za watawala wa Kiziba, Kyamutwara, Ihangiro na kwingineko, na baadaye katika harusi na vilabu vya pombe. Tendi zinazojulikana zaidi ni za Kachwenyanja, Rukiza na Mugasha, huyu wa mwisho akiwa ndiye mwenye ziwa na tufani. Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizifanyia utafiti katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1986. Mmarekani Peter Seitel naye alikusanya ngano za Wahaya na kuzichapisha mwaka 1980. Katika ngano hizo mtambaji hapewi ruhusa ya kuanza hivi hivi: wasikilizaji humwitikia kwa kumtaka atazame, ili nao wapate kuona. Kazi ya msimuliaji wa picha ni hiyohiyo. Ameona kabla yao, na anawaonyesha.

Kwa mtazamo huo, mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida hawakuwa kitu kigeni. Superman alizaliwa katika vitabu vya katuni vya Marekani mwaka 1938, Batman mwaka uliofuata, na Spider-Man mwaka 1962, lakini waliofahamika zaidi vibandani ni wale wa filamu za karne hii. Black Panther ya mwaka 2018 iliwagusa watu wa ziwa kwa namna isiyotajwa sana. Lupita Nyong'o, aliyeigiza Nakia, ni binti wa familia ya Kisumu, na filamu ilipozinduliwa Kenya, hafla ilifanyika Kisumu. Florence Kasumba, aliyeigiza Ayo, alizaliwa Kampala. Daniel Kaluuya, aliyeigiza W'Kabi, alizaliwa London kwa wazazi Waganda. Wakanda ni nchi ya kubuni, lakini watatu kati ya walioigiza watu wake mashuhuri asili yao ni nchi zinazopakana na ziwa lilelile ambamo watoto wa Bukoba huoga.

Gemu

Chumba cha gemu huwa na televisheni mbili au tatu, PlayStation za zamani na padi zilizofungwa kwa utepe wa gundi. PlayStation 2, iliyotoka mwaka 2000, ilidumu hapa miaka mingi baada ya kusahauliwa kwingine, kwa sababu fundi wa redio aliweza kuifungua na kuirudisha. Mchezo mkuu ni mpira. FIFA na PES ziligawana vijana kama Simba na Yanga, hadi kampuni ya EA ilipoacha jina la FIFA mwaka 2023, jambo ambalo halikubadilisha chochote mtaani. Mchezo bado ni FIFA. Aliyefungwa hulipa na kumpisha anayesubiri, mshindi hubaki. Kwa utaratibu huo mtoto hodari anaweza kucheza jioni nzima kwa fedha za wenzake. Simu za kisasa zimepunguza foleni, lakini kumfunga mtu aliye kando yako kuna utamu ambao simu haina.

Wazazi huchanganya chumba cha gemu na mashine za bonanza, ambazo mtaani huitwa pia dubwi. Hivi ni vitu viwili. Mashine inayomeza sarafu ni kamari, ipo chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuicheza. Mwenye chumba anayeweka vyote viwili chini ya paa moja ndiye anayeleta mkanganyiko, na lawama ni yake.

Riwaya pendwa

Kitabu kilikuwa burudani ya mwenye shule, na Kagera ilikuwa na shule mapema: Ihungo, Nyakato, Kahororo, Rugambwa, na seminari ya Rubya upande wa Muleba. Riwaya za upelelezi za Kiswahili zilianza na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla mwaka 1960, ikafuata Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla mwaka 1965. Aliyewateka wanafunzi zaidi ni Elvis Musiba kwa jasusi wake Willy Gamba, kuanzia Kufa na Kupona ya mwaka 1974, kisha Ben Mtobwa kwa Joram Kiango. Willy Gamba ni steringi kamili: amevaa vizuri, anajua silaha, na anaitumikia Afrika badala ya malkia wa Uingereza. Nakala moja ilisomwa na bweni zima hadi ikapoteza jalada, na wengine walisoma riwaya nzima bila kujua jina lake wala mwisho wake. Kando ya vitabu kulikuwa na katuni za gazeti la Sani, na hadithi za Eric Shigongo zilizotoka kwa vipande magazetini. Mulokozi, yuleyule mtafiti wa enanga, naye aliwaandikia vijana riwaya ya Ngome ya Mianzi kuhusu vita vya Mkwawa. Leo hadithi za vipande husomwa kwenye simu, na kipande kinachofuata hulipiwa kwa simu hiyohiyo.

Sheria na hifadhi

Uonyeshaji wa picha uko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtaka anayetafsiri kazi ya mwingine apate idhini. Wasimuliaji wengi hawakuipata wala kuiomba, na kwa hiyo kazi yao, ambayo ni sanaa ya Kiswahili kwa kila kipimo, ilikua nje ya sheria. Tendi za enanga zilipata bahati ya kurekodiwa na kuandikwa kabla waimbaji wakubwa hawajaondoka. Kanda za VHS zilizosimuliwa hazijawahi kuheshimiwa hivyo, na katika unyevu wa Bukoba huota ukungu upesi. Mwenye kanda za Lufufu au za VJ yeyote wa zamani sandukuni azihamishie kwenye kompyuta sasa, picha na sauti pamoja, na aandike juu yake alizipata wapi na mwaka gani.