Majuto ni mjukuu: unaweza kurudi nyuma ukamuua babu yako?



Jana umeme ulikatika hosteli, tukabaki tunapiga stori gizani. Swali likazuka: ukipewa mashine ya kurudi nyuma, utarudi lini? Jamaa mmoja akasema siku aliyojaza fomu ya kuchagua kozi. Tulicheka sana. Mimi nilinyamaza, sababu nitaisema mwisho.

Basi bwana, wazo hili lina historia yake. Mashine ya wakati ilipata umaarufu mwaka 1895, Mwingereza H.G. Wells alipotoa riwaya ya The Time Machine. Lakini msafiri wa Wells alikwenda mbele. Balaa liko kwenye kurudi nyuma. Miaka ya 1940, Mfaransa René Barjavel aliandika riwaya ambayo msafiri anarudi enzi za Napoleon, na kwa bahati mbaya anasababisha kifo cha babu yake wa kale kabla hajazaa. Haya sasa, babu hakuzaa, mjukuu katoka wapi? Na kama mjukuu hakuzaliwa, nani kamuua babu?

Msidhani ni hadithi tu. Mwaka 1949 Kurt Gödel, rafiki wa Einstein waliyekuwa wakitembea pamoja kule Princeton, alichukua milinganyo ya Einstein mwenyewe akaonyesha kwamba, katika ulimwengu unaozunguka wote kwa pamoja, msafiri anaweza kwenda mbele na mbele hadi akajikuta jana yake. Ulimwengu wetu hauonekani kuwa wa namna hiyo, ila hesabu haikukataa.

Mwaka 1976 mwanafalsafa Mmarekani David Lewis akalishika fumbo la babu. Kijana wake, Tim, ana bunduki nzuri, shabaha anayo, na babu yuko mbele yake mwaka 1921. Je, anaweza kumuua? Lewis anajibu: ukitazama bunduki na mkono wake, anaweza. Ukitazama kwamba babu aliishi hadi 1957, hawezi. Kitu fulani tu kitatokea, atateleza au ataingiwa na huruma. Hajafungwa minyororo na mtu. Ni kwamba mwaka 1921 ulitokea mara moja tu, hakuna 1921 ya pili ya kusahihishia.

Stephen Hawking naye aliandaa sherehe ya wasafiri wa wakati pale Cambridge, tarehe 28 Juni 2009, kadi za mwaliko akazitoa baada ya sherehe kwisha. Hakutokea mtu, teh teh!

Sasa sababu ya kunyamaza. Mwaka jana babu yangu alinipigia: "Mume mwenzangu, likizo hii njoo, nimekumiss." Nikasingizia nauli. Kumbe bumu nilikuwa nalo, nilinunulia simu. Babu alifariki kabla ya likizo iliyofuata.

Mwanzo nilijifariji kwamba siku yake ilishaandikwa, nisingeweza lolote. Lewis kaninyang'anya hiyo faraja. Kwamba leo siwezi kuibadili siku ile haimaanishi siku ile sikuwa na hiari. Basi lilikuwepo, pesa ilikuwepo, miguu ilikuwepo. Ningeweza kwenda. Sikwenda.

Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe ndiye mimi. Bibi bado yupo, Ijumaa napanda basi.

Wewe ungerudi lini?